Kazi iishie getini: mwaka wa mwalimu Dar es Salaam na namna ya kuumaliza ukiwa mzima

Vipindi 28 kwa wiki, kila kimoja dakika 40, ni saa 18 na dakika 40 za kusimama mbele ya ubao. Hiyo ndiyo kazi inayosomeka kwenye ratiba. Inayommaliza mwalimu ni ile anayotoka nayo getini: mfuko wa madaftari, koo lililokauka, simu inayoita saa 4 usiku na deni linalosubiri mshahara. Sisi tunaoandika hapa tumefundisha shule za serikali na za binafsi jijini, na tumeona wenzetu wakiacha kazi, wakiugua, na wengine wakibaki kazini ilhali moyo ulishaondoka zamani. Tumepanga maelezo kwa kufuata mwaka wa masomo, kwa kuwa kila msimu una namna yake ya kumchosha mtu, na anayeijua mapema hujipanga kabla haijamfikia.

Januari: ratiba na barabara

Wiki za mwanzo ni za orodha za majina, madawati, wazazi ofisini na watoto wapya ambao hawajui choo kiko wapi. Katikati ya vurugu hiyo mwalimu wa taaluma anakaa na karatasi zake kupanga ratiba, na walimu wengi huiona kwa mara ya kwanza ikiwa imeshabandikwa ukutani. Mfuate kabla. Ukienda na ombi linaloeleweka huwa anasikiliza, maana na yeye anatafuta namna ya kuziba matundu. Omba usipewe zaidi ya vipindi 3 mfululizo. Kufikia cha nne mwalimu anaongea tu, hafundishi. Omba pia vipindi 2 vya wazi vilivyoshikana, angalau mara 2 kwa wiki. Kipindi kimoja cha wazi huishia kwenye chai na maongezi ya ofisini. Viwili vilivyoshikana ni dakika 80, na dakika 80 zinatosha kumaliza madaftari ya mkondo mmoja, yaani darasa moja, kwa mwenye mpango kama tutakaoueleza mbele.

Angalia na zamu. Mwalimu wa zamu anafika kabla ya wote, anasimamia usafi na mstari, anapokea wachelewaji, anajaza kitabu cha zamu na kuondoka wa mwisho. Shule yenye walimu 20 wanaoshika zamu wawili wawili, zamu inakurudia kila wiki ya 10. Zihesabu wiki hizo tangu Januari na uziwekee alama kwenye kalenda, kisha usipange jaribio wala usiahidi kurudisha kazi ya watoto ndani yake. Wiki ya zamu ni ya zamu.

Halafu kuna barabara. Mwalimu anayelala Chanika na kufundisha Sinza, akitumia saa 2 kwenda na saa 2 kurudi, anamaliza saa 20 kwa wiki ndani ya daladala. Ni nyingi kuliko vipindi vyake vyote. Wanaopanda gari likielekea mwisho wa safari ili wageuze nalo asubuhi wanalipa nauli mara 2, lakini wanakaa, na aliyekaa anaweza kusinzia nusu saa akafika ana nguvu. Tunaona ni pesa iliyotumika vizuri. Kusahihisha ndani ya gari hatushauri kabisa: mwandiko unaharibika, shingo inauma, na daftari likipotea la mtoto wa watu hakuna maelezo yatakayomridhisha mama yake.

Mwajiriwa mpya anayetafuta chumba asiangalie kodi peke yake. Ajumlishe nauli ya mwezi, chakula cha kununua njiani kwa sababu hana muda wa kupika, na hizo saa 20. Mara nyingi chumba cha bei ya juu kidogo jirani na shule ndicho kinachotoka rahisi. Kwa aliyekwisha kujenga mbali, njia iliyobaki ni kutafuta mwenzake wa kubadilishana naye kituo. Akumbuke kwamba kutoka Temeke kwenda Ubungo ni kubadili halmashauri hata kama mkoa ni mmoja, kwa hiyo jambo hilo haliishii kwa mkuu wa shule wake.

Februari na Machi: sauti

Joto liko juu kabisa, darasa lina watoto 80, paa ni la bati na dari hakuna. Huu ndio msimu ambao sauti za walimu hukatika, na mwalimu asiye na sauti hupiga kelele zaidi ili asikike, akajimaliza.

Nyuzi za sauti zikitoa mlio hugongana zaidi ya mara 100 kwa sekunde kwa mwanamume, na karibu mara 200 kwa mwanamke. Kila unapopaza, zinagongana kwa nguvu zaidi. Zikigongana hivyo mwezi baada ya mwezi huota vinundu, na vinundu ndivyo vinavyoleta ile sauti ya mkwaruzo ambayo walimu wengi wameshaizoea wakidhani ni ya ukubwani. Maji husaidia, ila kuna jambo watu hawalijui: maji unayokunywa hayapiti juu ya nyuzi za sauti. Yanapita njia ya chakula, na faida yake inazifikia baadaye kupitia damu. Ndiyo maana kumwaga nusu lita kooni baada ya kipindi cha tano, sauti ikiwa imeshakauka, hakukupi nafuu unayoitaka. Anza nyumbani alfajiri, kisha beba chupa ya lita 1.5 na kunywa mafunda machache kila unapobadilisha darasa.

Hapa lazima tuseme wazi kuhusu choo. Walimu wa kike wengi hawanywi maji kwa makusudi, kwa sababu choo cha walimu ni kimoja, hakina maji au hakifungi. Wanakaa kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 10 alasiri wakijizuia. Matokeo yake ni sauti kukauka, kichwa kuuma na UTI zisizoisha. Jambo hili lipelekwe kwenye kikao cha walimu kama ajenda, siyo kunong'onwa pembeni. Kitasa, ndoo yenye mfuniko, kopo na mtoto wa zamu wa kujaza maji kila asubuhi ni gharama ndogo sana kwa shule, na kwa afya ya walimu hakuna cha bei rahisi kinachozidi hapo.

Zoezi moja la kupumzisha sauti linatumia mrija wa soda na chupa yenye maji. Zamisha ncha ya mrija sentimita 2 au 3, siyo zaidi, halafu vumisha "uuu" kupitia mrija hadi mapovu yatoke mfululizo. Panda na sauti taratibu, kisha shuka nayo. Dakika 3 kabla ya mstari, dakika 3 baada ya kipindi cha mwisho. Hewa inayorudi nyuma kutoka kwenye maji huzisukuma nyuzi zisigongane kwa nguvu, zikawa zinafanya mazoezi bila kuumizana. Mapovu yakikatikakatika, unasukuma mno. Ukiona mishipa ya shingo inasimama, mrija umezama sana; upandishe juu kidogo.

Sauti ikishaharibika, usinong'one, maana kunong'ona nako kunazikaza nyuzi. Usikwangue koo kila dakika. Meza mate au kunywa funda la maji. Tangawizi na limau hutuliza koo, lakini hazigusi nyuzi zenyewe, kwa hiyo usizitumie kama tiba ili uendelee kupaza. Mkwaruzo ukizidi wiki 3, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Hospitali ya Muhimbili wapo, na hospitali za rufaa za mkoa, Amana, Mwananyamala na Temeke, ni mahali pa kuanzia kwa mwenye kadi ya bima.

Darasani kwenyewe, wafundishe watoto ishara ya kunyamaza wiki ya kwanza na uishikilie: mpigo wa makofi wanaoujibu, au mkono juu ambao kila anayeuona anainua wake. Ukiwa umesimama katikati ya darasa, mtoto wa nyuma anakusikia kwa sauti ya kawaida. Mvua ikianza kupiga bati, acha kuongea. Andika ubaoni, wape zoezi, pita kwenye madawati. Hakuna koo lililowahi kuishinda mvua ya masika.

Madaftari

Tunakaa hapa kwa muda, kwa sababu hapa ndipo jioni za walimu zinapopotelea.

Chukua mkondo wa watoto 80. Ukitumia dakika 2 kwa kila daftari, ni dakika 160, saa 2 na dakika 40. Ukiwa na mikondo 3, zoezi moja limekula saa 8. Ukitoa mazoezi 3 kwa wiki na kutaka kusahihisha kila neno, umejiwekea saa 24 za kazi ambazo hazipo kwenye ratiba yoyote. Hakuna anayeziweza, kwa hiyo mwalimu anabeba mfuko wa madaftari nyumbani, anausahihisha nusu, anaurudisha asubuhi na lawama moyoni. Tatizo hilo halitokani na uvivu. Ni hesabu, na hesabu hutatuliwa kwa hesabu.

Anza na ukusanyaji. Agiza monita wakusanye madaftari yakiwa yamefunguliwa ukurasa wenye kazi, yakiwa yamepangwa kwa mistari ya madawati. Kutafuta ukurasa huchukua kama sekunde 10. Kwa madaftari 80 ni dakika 13 ambazo hazikusahihisha chochote.

Punguza maswali. Maswali 5 yaliyochaguliwa vizuri, mawili rahisi, mawili ya kati na moja gumu, yanakuonyesha kila kitu ambacho maswali 15 yangekuonyesha. Sahihisha ukiwa unapita wakati watoto wanaandika. Katika dakika 15 za zoezi unaweza kuwafikia watoto 25 au 30, na waliokosea wanarekebisha papo hapo wakati akili bado iko kwenye swali. Mazoezi mafupi wabadilishane madaftari na jirani huku majibu yakiandikwa ubaoni, kisha upite kuweka saini na tarehe. Mthibiti ubora wa shule akija, anataka kuona kazi imeangaliwa na makosa yamerekebishwa. Saini yako na masahihisho ya mtoto mwenyewe vinaonyesha hayo yote mawili.

Kwa kazi zinazohitaji jicho la mwalimu, kama insha na maelezo ya sayansi, gawa darasa mafungu 4 ya watoto 20. Kila kazi, fungu moja unalisahihisha kwa undani na mengine unayapitia kwa haraka. Baada ya kazi 4 kila mtoto ameshasomwa kikamilifu na wewe hujasahihisha insha 80 kwa mkupuo hata mara moja. Katika insha chagua jambo moja la kusahihisha: leo aya, wiki ijayo upatanisho wa kisarufi. Daftari lililojaa wino mwekundu mtoto halisomi, anafunga tu.

Majaribio nayo yasahihishe kwa swali, siyo kwa karatasi. Maliza swali la 1 kwa karatasi zote, urudi swali la 2. Akili haihami kutoka jibu moja hadi jingine, mkono unakwenda haraka, na haki inatendeka zaidi kwa sababu wote umewapima kwa kipimo kilekile. Pembeni weka karatasi ya kuandika makosa yanayojirudia. Kosa likionekana kwa watoto 50, usiliandike kwenye karatasi 50. Lirudie ubaoni kesho yake.

Andalio la somo lina ugonjwa wake. Mwalimu anaandika usiku wa manane kwa ajili ya kesho. Likiandikwa Alhamisi au Ijumaa kwa wiki inayofuata, ukiwa bado ofisini, Jumapili yako inabaki nzima. Mnapokuwa wawili wa somo moja, gawaneni mada: huyu anaandaa nusu ya muhula, yule nusu nyingine, halafu kila mmoja anarekebisha kwa darasa lake. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa Januari 2024, darasa kwa darasa, kwa hiyo kunakili daftari la miaka ya nyuma bila kuangalia muhtasari unaohusika kutakuletea kazi mara mbili.

Aprili: simu

Mvua zinafunga barabara, watoto hawafiki, na makundi ya WhatsApp ya wazazi yanawaka kuanzia saa 11 alfajiri. Mzazi wa Dar es Salaam anatoka kazini usiku, anafungua begi la mtoto saa 3, ndipo anapokumbuka swali lake. Hana nia mbaya. Lakini mwalimu akijibu saa 4 usiku mara moja, amefungua ofisi ya usiku.

Kinachofanya kazi ni ujumbe mmoja wa wazi mwanzoni, kabla hujachoka na kuanza kujibu kwa hasira. Unaweza kuandika hivi: "Wazazi wapendwa, shikamooni. Maswali kuhusu watoto nitayajibu siku za kazi kati ya saa 9:30 alasiri na saa 12 jioni. Mtoto akiugua au kukiwa na dharura, tafadhali pigeni namba ya shule. Ahsanteni kwa ushirikiano." Kisha uzingatie. Ukivunja mwenyewe mara 2, wazazi wataona saa hizo ni pambo. Tafuta laini ya pili kwa ajili ya kazi na uizime usiku. Wapate wazazi 2 wanaoheshimika wawe viongozi wa kundi. Maswali mengi, kama sare ipi au kesho kuna shule, wao wanaweza kuyajibu.

Kwa mkuu wa shule anayetuma maagizo usiku ni vigumu zaidi, tunajua. Hapo njia tuliyoiona ikifaa ni walimu kulisema pamoja kikaoni, kwa adabu, wakipendekeza muda: maagizo yasiyo ya dharura yatolewe kabla ya saa 12 jioni. Mwalimu mmoja akilalamika anaonekana mkorofi. Kikao kikikubaliana, ni utaratibu wa shule.

Juni: likizo ambayo siyo likizo

Shule zinafungwa, na papo hapo linaletwa tangazo la masomo ya ziada kwa madarasa ya mitihani. Likizo ya mwaka ya mtumishi ni siku 28, na ni haki inayoombwa kwa maandishi. Usidhani kwamba kwa kuwa watoto hawapo, basi wewe uko likizo. Jaza fomu mapema, taja tarehe, tunza nakala. Mtumishi wa umma ana haki ya kulipiwa nauli ya likizo mara moja kila baada ya miaka 2, na wanaochelewa kuomba ndio wanaoambiwa bajeti imekwisha. Masomo ya ziada yapangwe kwa kupokezana, ili kila mwalimu apate angalau wiki 2 mfululizo ambazo hakanyagi shuleni. Siku mbilimbili za kuvizia hazipumzishi. Siku ya kwanza mwili bado unaamka saa 10 alfajiri wenyewe, ya pili unafua, ya tatu umerudi kazini.

Walimu wa shule binafsi wanalindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na wengi hawajawahi kuisoma. Saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku. Saa za ziada hazizidi 50 katika kipindi cha wiki 4, na hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 za pili kwa nusu mshahara. Mama aliyejifungua ana siku 84, au 100 kwa mapacha, na akirudi kazini ana hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Mwenye mkataba unaosema "na kazi nyingine atakazopangiwa" aulize kabla ya kusaini kama ulezi wa bweni na safari za wikendi zimo, na zinahesabiwaje. Ukiachishwa kazi isivyo haki, shauri hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Tumeona wenye haki yao wakiipoteza kwa kungoja huruma ya mwenye shule hadi siku hizo zikapita.

Julai na Agosti: pesa inakula Jumamosi

Wengine watashangaa habari za mikopo zimeingiaje kwenye maelezo ya mapumziko. Zimeingia kwa sababu mwalimu anayefundisha tuisheni Jumamosi, Jumapili na jioni mara nyingi hafanyi hivyo kwa kupenda. Anafanyia deni kazi.

Tuchukue mfano wa mtumishi wa umma mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 780,000. Mfuko wa pensheni wa PSSSF unachukua asilimia 5, yaani 39,000. Bima ya afya asilimia 3, 23,400. Chama cha walimu asilimia 2, 15,600. Kodi kwa viwango vilivyopo inafika 64,200. Kama alisoma kwa mkopo wa elimu ya juu, asilimia 15 inakatwa, 117,000. Kabla hajagusa benki, makato ni 259,200 na anabaki na 520,800. Utaratibu unamtaka abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi, 260,000, na benki itamkopesha hadi mpaka huo bila kusita. Lakini mpaka wa kisheria haukuwekwa kwa kuangalia kodi ya nyumba ya Dar es Salaam. Anayekopa hadi theluthi huishiwa tarehe 10, ndipo anapokwenda kwa wale wakopeshaji tunaowaita kausha damu.

Huko hesabu hugeuka. Shilingi 300,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi ni 90,000 kila mwezi ya riba peke yake. Ukilipa riba miezi 6, umetoa 540,000 na bado unadaiwa zile 300,000 kama ulivyozichukua. Wengine huchukua na kadi ya benki ya mwalimu pamoja na namba ya siri. Kadi usiitoe kwa mtu yeyote, hata kama ni jirani, hata kama anatoa pesa siku hiyohiyo. Ukiwa umeshanasa, njia isiyo na aibu ni kukaa na SACCOS ya walimu au kikoba chenu na kuomba mkopo mmoja wa kufunga yote, wenye riba ndogo, kisha kutokopa tena hadi uishe. Mweleze mwenzi wako nyumbani. Deni la siri linamnyima mtu usingizi kuliko deni lenyewe.

Tuisheni siyo dhambi, na kwa wengi inasomesha watoto. Iwekee mpaka: siku 2 kwa wiki, na siku moja kamili isiyo na somo lolote, iwe Ijumaa mchana hadi Jumamosi, iwe Jumapili, kwa kadiri ya imani ya mtu.

Na nyumbani mzigo ugawanywe. Mwalimu wa kike akirudi anakuta zamu ya pili ya jiko, nguo na kazi za watoto wake mwenyewe. Maharage yachemshwe Jumamosi kwa wiki nzima na kugandishwa kwa mafungu. Baba naye ashike kuogesha na kukagua madaftari ya watoto. Bila mgawanyo huo, ushauri wote wa kujitunza unawahusu walimu wa kiume tu.

Septemba hadi Novemba: dalili

Darasa la saba wanafanya mtihani Septemba, darasa la nne Oktoba, kidato cha pili na cha nne Novemba. Kabla yake kuna moko (mtihani wa majaribio), kambi za masomo, vikao vya matokeo na mkazo kutoka juu kuhusu ufaulu. Hapa uchovu wa mwaka mzima hujitokeza. Shirika la Afya Duniani liliuingiza uchovu huu wa kazi katika ICD-11, orodha yake ya magonjwa na hali za kiafya, mwaka 2019, kama hali itokanayo na kazi, na likautaja kwa dalili 3: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na kuona hufanyi chochote cha maana. Shuleni dalili hizo zina sura yake. Umelala saa 8 na umeamka umechoka. Tumbo linakukata Jumapili jioni. Watoto uliokuwa unawajua kwa majina umeanza kuwaita "hawa". Unatoka darasani hukumbuki ulichofundisha.

Na kuna dalili ambayo inatuuma kuitaja: mkono kuwa mwepesi. Mwalimu aliyechoka hupiga kwa kosa ambalo Februari angelicheka. Kanuni zinasema adhabu ya viboko hutolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, visizidi 4, na iandikwe kwenye kitabu. Mwalimu anayeokota fimbo kwa hasira anaweza kumjeruhi mtoto na kupoteza kazi ndani ya dakika moja. Ukihisi hasira inapanda, mpe mtoto nafasi ya kukaa mbali nawe, lipe darasa kazi ya kuandika, simama mlangoni upumue, na kosa lisubiri baada ya mapumziko. Muombe mwenzako wa darasa la jirani akushikie darasa dakika 10. Kwa walimu wanaoelewana, ombi hilo halihitaji maelezo, na tungependa kila shule ijenge desturi hiyo.

Huzuni, kukosa usingizi au kukosa hamu ya chochote vikizidi wiki 2, huo si uchovu wa kulala ukaisha. Nenda hospitali, ueleze wazi. Muhimbili ina huduma ya afya ya akili, na bima yako inakupa mlango wa kuingilia. Ukijiwa na mawazo ya kujidhuru, usisubiri hata siku moja: mwambie mtu wa karibu akupeleke. Daktari akiona inafaa atakupa ED, yaani cheti cha kupumzika kazi kwa ugonjwa, nawe uifikishe kwa mkuu wa shule siku hiyohiyo na ubaki na nakala. Hulazimiki kuutangaza ugonjwa wako ofisini.

Desemba

Kabla ya kufunga, kaa nusu siku na kalenda ya mwaka ujao. Weka wiki zako za zamu kama zinajulikana, tarehe za likizo utakazoomba, mwezi ambao mkopo utaisha. Andika upya azimio la kazi, yaani mpango wa mada za mwaka, ukiwa bado unakumbuka mada zipi zilikula muda. Andika na yale maombi ya ratiba, umpelekee mwalimu wa taaluma kabla hajasafiri kwenda kwao, kwa sababu mara nyingi ratiba ya Januari huchorwa kipindi cha sikukuu. Madaftari ya watoto yarudishwe yote. Mfuko ulioubebea madaftari mwaka mzima uufue, uuache shuleni kwenye kabati lako.